Ana A7 III, ana milioni moja na laki mbili, anataka lenzi pana ya kupigia vyumba vya lodge: kisa kimoja cha hapa Dodoma

Wakuu, hiki kisa nakiandika kirefu makusudi maana swali lake vijana wa hapa mjini wananiuliza sana, na majibu wanayopewa huko nje mengi ni ya kutajiwa jina la lenzi tu bila mtu kuulizwa anaenda kupiga nini.

Kijana ni wa Nkuhungu. Ana kamera ya Sony A7 III aliyoinunua ikiwa imeshatumika, ikaja na ile lenzi ya 28-70mm inayouzwa pamoja na kamera. Kazi zake ni sendofu, kipaimara, mahafali za UDOM, vitu hivyo. Sasa akapata mama mmoja mwenye lodge mbili, moja Kisasa nyingine Makulu, anataka picha za kila chumba na kila choo aziweke kwenye mitandao ya kubuku vyumba, na akiridhika ana ndugu yake mwenye apatimenti Iyumbu naye atahitaji. Kwa mji huu hiyo sio kazi ya mara moja. Tangu serikali ihamie na mji upewe hadhi ya jiji 2018 lodge na apatimenti zinaota kila kona, na treni ya SGR ilipoanza kufika hapa 2024 watu wa Dar wanachagua chumba kwenye simu kabla hata hawajapanda, kwa hiyo picha ndo inauza chumba.

Akanipigia. "Kaka shikamoo, nina milioni moja na laki mbili, ninunue lenzi gani pana ambayo sio ya Sony, maana za Sony siziwezi?" Nikamwitikia, nikamuuliza chumba kina mita ngapi. Kimya. Nikamwambia nenda kachukue tepu ya fundi, kapime, alafu ndo tuongee habari ya lenzi.

Akarudi na vipimo. Vyumba vingi mita 3 kwa 3 na nusu, viwili vidogo kabisa mita 3 kwa 2.8, na vyoo vya ndani mita 1.2 kwa 1.8. Hapo sasa kuna kitu cha kufanyia kazi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na naomba kila mtu aishike. Sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) ya fulu fremu, ile kubwa kama ya A7 III, ina upana wa milimita 36. Upana utakaouona mbele yako ni umbali mara 36, gawanya kwa milimita za lenzi. Basi. Chukua kile chumba kidogo, umesimama mgongo umegusa ukuta, tripodi na kamera vimekula kama nusu mita, umebakiwa na mita 2.3 hadi ukuta wa mbele. Kwa 28mm unaona upana wa kama mita 2.96, yaani ukuta wa mbele wenye mita 3 haujatimia hata wenyewe, kuta za pembeni ndo usahau. 24mm unapata mita 3.45. 20mm mita 4.1. 18mm mita 4.6, ambayo ni umbali mara mbili kamili, kwa hiyo ukiwa na 18mm hata kikokoteo huhitaji. 16mm mita 5.2 hivi, na 14mm unakaribia 6.

Ila picha ya chumba mara nyingi haipigwi ukiwa umekiangalia ukuta uso kwa uso, inapigwa kutoka kwenye kona, ndo mtu anaona kitanda, dirisha na mlango wa choo kwa pamoja. Na kona ya chumba ni nyuzi 90. Sasa angalia hii: 18mm kwenye fulu fremu inaona nyuzi 90 kwa upana, kamili. 20mm inaona 84, 24mm ni 74, 28mm ni 65 na ushee, 16mm ni 97. Kwa hiyo ukiwa konani na 28 lazima uchague utakata ukuta upi, na kule chooni ukichukua bakuli sinki inatoka, ukichukua sinki bakuli linatoka. Ukiwa na 20 unakosa kidogo sana. Ukifika 18 kuta zote mbili zipo. Mi nikishaona hivyo nishajua tunazunguka kati ya 16 na 20, kinachobaki ni hela na kazi zake zingine.

Dogo akasema si bora tuchukue 14 kabisa tumalize, na mama mwenye lodge naye kumbe ameshamwambia "mwanangu nataka chumba kionekane kikubwa". Hapa nilisimama na bado nimesimama. 14mm inaona nyuzi 104 kwa upana, kitu kilicho karibu kinavutika na kilicho mbali kinakimbia nyuma, chumba cha mita 3 kinageuka ukumbi. Mgeni amelipia toka Dar, anashuka kwenye treni usiku amechoka, anafungua mlango anakuta kati ya kitanda na ukuta hapatoshi kufungulia begi, unadhani maoni ataandikaje? Na anayeumia ni yule mama. Nilimwambia dogo mwambie mama hivi, kwa heshima, na mama akaelewa haraka kuliko tulivyotegemea kwa sababu yeye ndo anapokea hizo simu za malalamiko. Picha ya chumba inatakiwa ionyeshe kila kilichomo, isiongeze mita ambazo fundi hakujenga.

Tuje kwenye lenzi zenyewe. Kwa wenye Sony bahati ni kwamba kampuni yenyewe ilifungua taarifa za msingi za maunti ya E (maunti ni pale lenzi inapofungwa kwenye kamera) kwa kampuni zingine mwaka 2011, ndo maana leo chaguo ni nyingi hivi. Za Sony wenyewe tuliziweka pembeni, 16-35 f/2.8 GM (hiyo f ni uwazi wa lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi) ilipotoka 2017 ilikuwa dola 2,200, hata iliyotumika ni mbali na mfuko wake.

Tamron 17-28mm f/2.8 ya 2019 ndo ilikuwa ya kwanza kichwani kwangu, kwa mtu wa sherehe na vyumba kwa pamoja sioni mpinzani wake kwa hela ile. Gramu 420, filta ya 67mm, ukizumu hairefuki, na ina kinga ya unyevu kwenye viungio. Ilitoka na bei ya dola 899. Sigma wana 16-28mm f/2.8 DG DN ya 2022, nayo dola 899 ilipotoka, gramu 450, filta 72mm, inakupa ile milimita moja ya ziada upande mpana ambayo chumbani inaonekana. Zote mbili mpya haziingii kwenye milioni moja na laki mbili. Zilizotumika, labda, ukibahatika.

Viltrox 16mm f/1.8 nayo tuliiangalia, ina kioo kidogo cha kuonyesha fokasi na f juu yake, inapokea mwanga mwingi kweli, ila gramu 550 na bei ilikuwa inamvuka. Ndugu yake mdogo, Viltrox 20mm f/2.8, ni gramu 157 tu, filta 52mm, chini ya dola 200 ikiwa mpya, ina otofokasi, na mlango wa USB-C wa kuisasisha uko pale pale kwenye kitako. Mtu mwenye laki tano hivi asiulize mara mbili, hiyo ndo lenzi yake. Tamron 20mm f/2.8 ilitoka kwa dola 349, inasogelea kitu hadi nusu ya ukubwa wake halisi, ila otofokasi yake ya polepole na ina kelele, na bila kunyooshwa na programu mistari yake inapinda sana.

Alafu Samyang. Kuna ile 14mm f/2.8 ya kuzungusha kwa mkono ambayo vijana wengi wanaijua kwa sababu ya bei. Kwa nyota ni nzuri. Kwa vyumba hapana, mistari inapinda kwa mawimbi, katikati inatoka nje pembeni inarudi ndani, dari ya jipsamu inakuwa kama imelowa, kuinyoosha mpaka uwe na profaili yake, na kioo cha mbele kimetuna hakifungi filta ya kawaida. Na kuna 18mm f/2.8 yenye otofokasi, ya 2019, gramu 145 na filta ya 58mm. Ndogo mpaka mteja anaweza kudhani hujaleta vifaa. Ikiwa wazi f/2.8 kona zake ni laini na zina giza, hilo lijulikane mapema, ila ukiifunga f/8 inakaa sawa.

Na hapo kwenye f/8 ndo penye pesa ya watu wengi. Dogo alikuwa anaamini lazima f/1.8. Sasa chumba cha lodge hakikimbii, kamera iko kwenye tripodi, ISO 100, f/8, shata ikae wazi sekunde nzima kama inataka. Kwenye f/8 ukiwa na 18mm, ukifokasi mita 1.35 hivi kila kitu kuanzia sentimita 70 mpaka mwisho wa dunia kipo kwenye fokasi. Kwa hiyo kwa kazi ya vyumba pekee hulipii uwazi mkubwa, na hata otofokasi hulipii, unalipia upana, mistari iliyonyooka na kona safi kwenye f/8. Uwazi na otofokasi unavilipia kwa ajili ya ukumbini usiku, pale MC ameshazima taa na maharusi wanaingia wanacheza. Huko f/2.8 inatosha, A7 III ISO 3200 haina wasiwasi na ina kitulizaji cha mhimili mitano ndani ya bodi. Kumbuka tu kitulizaji kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza.

Kabla sijasahau kuna mtego mmoja uliokaribia kumla. Aliletewa Sigma 16mm f/1.4, safi, bei nzuri, maunti E, muuzaji anasema inaingia kwenye A7 III, na kweli inaingia. Ila ni DC DN, ya sensa ndogo. Ukiifunga A7 III inajikata yenyewe, megapikseli 24 zinabaki 10, na upana unakuwa sawa na wa 24mm. Yaani unatoa hela kupata kitu kinachokaribia ulichokuwa nacho. Soma herufi zilizoandikwa kwenye lenzi: Sigma DG ni fulu fremu, DC ni ndogo. Tamron Di III ni fulu fremu, ikiwa na A mbele yake, Di III-A, ni ndogo. Sony hivyo hivyo, FE ni fulu fremu, E ni ndogo. Mtu akikutumia picha ya lenzi WhatsApp mwambie apige na maandishi yote yanayozunguka kioo cha mbele.

Basi ikaja zumu ya 17-28 iliyotumika. Jamaa alikuwa anakuja Dodoma kikazi, anataka milioni moja na laki nne, dogo akasema ataongeza hizo laki mbili kwa kukopa kwa shemeji yake. Nikamwambia usitume hata mia, tukutane naye tuipime. Tukakutana karibu na Nyerere Square, tukatafuta ukuta wa matofali ya kuchoma, tripodi, kamera sambamba na ukuta, 17mm, f/2.8, fokasi katikati, tukapiga, tukakuza kona moja moja kwenye skrini ya nyuma. Kona tatu matofali unaona mpaka chembe za mchanga kwenye saruji, kona ya kulia chini ukungu. Tukaifunga f/8, ikapungua ila haikuisha. Hapo unaweza kujiuliza labda kamera haikuwa sambamba na ukuta, kwa hiyo unageuza kamera juu chini unapiga tena: ukungu ukihamia upande mwingine wa fremu basi ni wewe uliweka vibaya, ukibaki pale pale kwenye fremu ni lenzi. Ulibaki pale pale. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa filta nikakuta pamebonyea, kidogo sana, pamepakwa rangi nyeusi. Ilishadondoka hiyo, vioo vimehama kwenye mstari wake. Hilo sio kosa la aliyeitengeneza, ni la sakafu. Nilimwonyesha yule jamaa kwa upole, akasema na yeye aliinunua hivyo hivyo, tukaachana kwa amani.

Kipimo kingine ni tochi ya simu, unaimulika kupitia nyuma huku unaangalia kwa mbele, unatafuta nyuzinyuzi za ukungu ule unaoota. Hapa kwetu hewa ni kavu unaota kwa nadra, lakini lenzi nyingi zinazouzwa huku zimeishi Dar, Tanga au Zanzibar, na pwani kuna unyevu, kwa hiyo mulika tu.

Dogo alikuwa amenuna kwa kweli, maana moyo ulishakaa kwenye zumu. Tukakaa tukarudi kwenye vipimo. Kazi iliyo mezani ina mkataba wa mdomo na tarehe, ni vyumba na vyoo, ni f/8. Sherehe anazopiga mara nyingi anaitwa kama mpiga wa pili, lenzi inayohitajika kwa picha pana za ukumbi anayo tayari mwenzie. Samyang 18mm iliyotumika ilipatikana laki saba na themanini kwa mtu tunayemfahamu, tukaipima kwenye matofali vile vile, kona zote nne zinafanana, laini kwa f/2.8 na safi kwa f/8. Akaichukua. Salio akanunua tripodi nzito yenye kipimamaji, maana ile ya kwake ilikuwa inacheza, na filta ya kukinga kioo kwa ajili ya vumbi letu hili. Deni kwa shemeji halikuwepo.

Nilienda naye siku ya kwanza kule Makulu. Mambo yaliyomsumbua hayakuwa ya lenzi. Kwanza alikuwa anainamisha kamera chini ili ashike kitanda, kabati linaanguka kwa nyuma, ukilinyoosha kwenye Lightroom programu inakata pembeni na ule upana ulioulipia unaondoka. Kamera inakaa usawa, kipimamaji katikati, urefu wa kama mita 1.2, unakubali dari ionekane. Pili dirisha. Jua la Dodoma saa tano asubuhi unalijua, nje panaungua ndani ni giza, kwa hiyo unapiga ekspoja tatu, yaani picha tatu za sehemu ile ile zenye mwanga tofauti, zilizopishana stopu mbili mbili, unaziunganisha baadae. Na ukipiga ekspoja tatu zima feni, la sivyo mapanga yanatoka kivulivuli juu ya kitanda, na neti ifungwe isicheze na upepo. Tatu vumbi. Alibadilisha lenzi uani, Julai, upepo unapuliza, alivyokuja kufungua picha kwenye kompyuta kuta zote nyeupe zina madoa yale yale sehemu zile zile. Kwenye f/2.8 usingeyaona, f/8 yanajitokeza yote, na ukuta mweupe hauna huruma. Lenzi za fiksi, zile zisizozumu, zinakulazimisha kubadilisha mara kwa mara, hiyo ndo gharama yake ambayo zumu ingemwepusha, nakubali. Sasa anabadilishia ndani, milango imefungwa, kamera imezimwa na imeangalia chini.

Ukumbini ameitumia pia, na pale onyo moja kwa wote wenye lenzi pana: usipange watu mpaka ukingoni mwa fremu. Kamati ya harusi imesimama kwenye ngazi, watu thelathini, umejibana karibu ukaona wote wameenea ukafurahi, alafu picha inatoka mama mkubwa aliyesimama mwisho shavu na bega vimevutika kuelekea pembeni, na huyo ndo atakayeiangalia kwanza. Rudi nyuma utumie ile 28-70, au acha nafasi tupu kila upande ukate baadae. 18 iache kwa ukumbi mzima, mapambo, maharusi wakiwa katikati na watu wamewazunguka.

Wenye kamera zingine waliokuwa wanasubiri kujua: Nikon Z, zile Viltrox mbili za 20 na 16 zipo kwa maunti yenu, na hesabu ya chumba ni ile ile. Canon za RF mna mtihani, leseni zilizotangazwa 2024 kwa Sigma na Tamron zilikuwa za lenzi za sensa ndogo, kwa hiyo kwa fulu fremu ukitaka lenzi ya kampuni nyingine njia ya bei nafuu ni adapta ya Canon yenyewe na lenzi ya EF iliyotumika, mfano Tamron 17-35mm f/2.8-4 ya 2018, gramu 460, filta 77mm, na kuipima ni matofali na tochi hivyo hivyo.

Dogo kwa sasa amemaliza lodge zote mbili na ameshapima vyumba vya Iyumbu. Sebule za kule ni kubwa, mita 5 kwa 4, ameniuliza kama anahitaji kitu kingine. Mita 4 ukitoa nusu ya tripodi ni 3 na nusu, mara mbili ni mita 7 za upana kwa 18mm, ukuta wenyewe una 5. Hahitaji. Zumu ya 17-28 ameiweka akilini kwa ajili ya msimu ujao wa harusi, kama ataanza kuitwa kama mpiga mkuu.